Ya Mlimani Tuyamalize Kambini

Jamani habari za jioni. Wakubwa wote shikamooni, wengine mambo zenu. Asanteni kwa kunipa nafasi na asanteni zaidi kwa kuuzima ule muziki kidogo. Najua watu mmekuja kusikia habari za safari yetu ya kupiga kambi na kupanda mlima jangwani, mahema na nyota na picha za machweo, na hizo zitakuwepo msijali, usiku wa jangwani una nyota ambazo mjini huzioni hata kwa dawa, lakini mimi nimeachiwa kile kipande ambacho hakuna anayekitaka, cha usalama, kwa hiyo nivumilieni.

Nina jambo moja tu, mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo. Kila uamuzi wa maana kuhusu mlima tuufanye tukiwa chini, kivulini, tumekunywa maji, akili imetulia. Saa ya kuondoka, saa ya kugeuza, nani anatangulia, nani anafunga mkia, nani akisema turudi hakuna kubishana. Kwanini? Kwa sababu kiu na joto vinamaliza kichwa kabla havijamaliza miguu. Mtu aliyepungukiwa maji anakuwa mbishi, anakasirika kwa vitu vya kijinga, anaanza kupenda njia za mkato, na ubaya wake yeye mwenyewe haoni. Ukimuuliza vipi uko poa anakwambia niko fiti kabisa twende. Sasa mtu kama huyo ndo mnataka apige hesabu ya maji yaliyobaki? Aamue kama kilele kimebakiza dakika ishirini au saa nzima?

Halafu tuondoe kwanza ile picha ya kwenye kalenda. Jangwa kwa kawaida wanalitambua kwa mvua, chini ya milimita 250 kwa mwaka, hakuna sharti la mchanga. Sehemu kubwa ya majangwa ni mawe na kokoto na milima, tena milima kweli kweli. Katikati ya Sahara kule Chad kuna Emi Koussi, mita 3,415. Algeria kuna Tahat, mita 2,900 na kitu. Mlima Sinai kule Misri una mita 2,285 na watu wanaupanda usiku wa manane ili wawahi jua likichomoza, na wakati wa baridi kule juu theluji inaanguka, kwa hiyo ukienda na fulana moja kwa kuwa umesikia neno jangwa, utatetemeka mpaka meno yagongane.

Na hiyo baridi msiichukulie poa. Hewa ya jangwani ni kavu na mawingu ni machache, kwa hiyo ardhi iliyochomwa mchana kutwa inarudisha joto lote angani jua likizama, hakuna cha kulizuia. Halafu ukipanda, hewa kavu inapoteza kama nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Jumlisha na upepo. Ndo maana begi lako litakuwa na kofia ya jua na kofia ya sufu kwa pamoja, usione watu wa ajabu.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna imani moja ngumu kufa, eti mwili unaweza kuzoeshwa kiu. Kwamba ukijikaza, ukinywa kidogo kidogo, utazoea kama wanajeshi. Wanajeshi wenyewe walishapimwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Adolph, na wenzake walienda kwenye jangwa la California kulikokuwa na mafunzo ya askari, wakapima jasho, mkojo, uzito, kila kitu, na walichokuta ni kwamba mwili haufundishiki kutumia maji kidogo. Unaweza kuzoea joto, ndiyo, ukikaa siku kadhaa unaanza kutoka jasho mapema na moyo unapiga vizuri zaidi, ila maji unayohitaji hayapungui, tena ukizoea joto jasho linaongezeka. Walikuta na jambo lingine ambalo mimi ndo linanitisha, mtu akiachiwa maji anywe anavyotaka, akiwa kazini kwenye joto anakunywa pungufu ya anayopoteza. Maji yapo mgongoni, hanywi. Kiu inakuja imechelewa.

Na jangwani huoni jasho. Hewa inalinyonya likitoka tu, ngozi inabaki kavu, unajiona mbona mimi sitoki jasho, kumbe unabaki na chumvi nyeupe kwenye kola ya shati. Mtu wa kilo 70 akipoteza lita moja na nusu hivi ameshafika asilimia 2 ya uzito wake, na hapo ndo kufikiri na kutembea vinaanza kuyumba. Lita moja na nusu kwenye jua na mlima ni saa moja mbili tu.

Kwa hiyo makadirio yangu ni haya: ukitembea kwenye ubaridi wa alfajiri, nusu lita kwa saa, jua likishapanda, karibu lita nzima. Kambini hesabu lita 8 kwa kichwa kwa siku, hapo nimeweka ya kunywa, ya mlimani, ya kupikia, ya kunawa na ya akiba. Tukiwa watu 10 kwa siku mbili ni lita 160, yaani kilo 160, kwa hiyo anayesema "tutabeba tu" aniambie anabebaje. Yanakwenda kwa gari mpaka kambini, na yanakaa kwenye madumu mengi madogo, sio tangi moja kubwa, dumu moja likipasuka tunasikitika, tangi likipasuka tunarudi nyumbani.

Upande wa pili nao upo, maana wapo wa kuzidisha. Ukibugia maji matupu lita kwa lita na huli chochote chenye chumvi, chumvi ya damu inashuka, unaumwa kichwa, unatapika, unachanganyikiwa, na dalili zake zinafanana na za mtu mwenye kiu kiasi kwamba wenzako wanakuongezea maji. Figo haziwezi kutoa maji kwa kasi yoyote unayotaka wewe. Kwa hiyo maji yaende na vitu vya chumvi, vya kutafuna, na kila mtu awe na pakiti mbili tatu za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Na ile habari ya kutunza maji kwenye chupa kwa ajili ya baadaye, hapana. Wameokotwa watu jangwani wamezirai na chupa ina maji. Yakiwa kidogo, kunywa ukisikia kiu, halafu punguza kutembea, kaa kivulini. Jasho ndo unalolibania, maji yako kunywa.

Haya, saa ya kugeuza. Tuchukue mfano wa mlima wa kawaida, kilomita 12 kwenda na kurudi, kupanda mita 900. Kuna kanuni ya Mskoti mmoja, William Naismith, aliitoa mwaka 1892 na mpaka leo watu wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo kilomita 12 ni kama saa mbili na nusu, mita 900 ni saa moja na nusu, jumla saa nne hivi. Lakini hiyo ni ya mtu mwepesi asiyepumzika asiyepiga picha. Sisi ni kundi, kuna mchanga, kuna watu wa selfi (nyie mnajijua), ongeza nusu yake, inakuwa saa sita. Sasa kwenye makorongo yenye joto kama Grand Canyon kule Marekani wahifadhi wenyewe wanasihi watu wasitembee kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Ukirudi nyuma saa sita kutoka saa nne asubuhi unapata saa kumi alfajiri. Ndo saa ya kuondoka, sio saa ya kuamka.

Na kupanda kutakula kama saa nne kati ya hizo sita. Maana yake saa mbili kamili asubuhi, popote tulipo, tunageuka. Hata kama kilele kinaonekana. Hasa kama kilele kinaonekana, maana hewa kavu inadanganya, mbali kunaonekana karibu, na kile unachokiona kilele mara nyingi ni bega tu la mlima, kilele chenyewe kimejificha nyuma yake. Hii saa mbili tunaiandika leo, kila mtu anaiweka kwenye simu yake iite kengele, ili pale juu asitokee wa kuonekana mwoga kwa kusema turudi. Kengele ndo itasema.

Kuna jambo la kundi ambalo nataka mliangalie kwa karibu, ukishaliona mara moja utaliona kila safari. Watu wa mbele wanafika kwenye jiwe lenye kivuli, wanakaa, wanavua mabegi, wanakunywa, wanacheka, wanasubiri wa nyuma. Dakika kumi. Wa mwisho anatokea, anahema, uso umemwiva, hajashusha hata begi, na wa mbele wakimwona tu wanasimama, wanapangusa suruali, "haya huyo kafika, twende." Umeona kilichofanyika? Wenye nguvu wamepumzika dakika kumi, aliyechoka amepumzika sifuri. Ikifika kituo cha nne huyo mtu hajanywa maji toka asubuhi, sio kwamba hana, hajapata nafasi ya kutoa chupa, na hatasema kwa sababu anaona anawachelewesha. Halafu mnashangaa kaanguka.

Dawa yake ni ndogo. Aliye mwepesi kuchoka anatembea wa pili, nyuma ya kiongozi, mwendo unafuata wake. Mapumziko yanaanza kuhesabiwa pale wa mwisho alipokaa chini. Na mtu wa mkia, ambaye tutamchagua leo, awe mmoja wa wenye nguvu zaidi, hampiti mtu yeyote hata iweje, mtu akienda chooni mkia unasubiri. Watu wanadhani wa nguvu anatakiwa mbele, hapana, mbele anatakiwa mwenye subira.

Sasa akianguka kweli tunafanyaje. Mtu anayelegea, anaumwa kichwa, kichefuchefu, bado anaongea vizuri: kivulini, alale, miguu juu, maji na chumvi taratibu, na safari yake ya kupanda imeishia hapo hata akipata nafuu. Lakini ukiona anaongea ovyo, anayumba, hajui leo siku gani, mwili unawaka moto, hicho ni kiharusi cha joto, mwili umepita nyuzi 40 na ubongo unaungua. Usianze kutafuta mtandao kwanza. Mpoze. Mwagia maji, lowesha nguo, pepea kwa kofia, kwa mkeka, kwa chochote, huku mtu mwingine anatafuta msaada. Maji ya kunywa ya kundi yatumike hapo, ndo dharura yenyewe hiyo. Msimnyweshe kama hana fahamu vizuri.

Kushuka. Watu wakifika kileleni wanaona kazi imeisha, kumbe ajali nyingi ziko njiani kurudi. Miguu imechoka, jua liko juu, kokoto zinaviringika chini ya soli. Kata kucha za miguu siku mbili kabla, sio utani, kwenye mteremko kidole kinagonga mbele ya kiatu kila hatua, hatua elfu kadhaa, ukucha mrefu unageuka mweusi kabla hujafika nusu. Kaza kamba ya kiatu pale juu ya kifundo kabla ya kushuka, kisigino kikae nyuma. Na msishuke mmoja juu ya kichwa cha mwingine kwenye sehemu ya mawe, jiwe lililoanzishwa na wa juu linamfikia wa chini na kasi mbaya. Likianza kuporomoka piga kelele "jiwe!", usione aibu.

Ukipotea, kaa. Mwaka 1994 Mwitaliano mmoja, Mauro Prosperi, polisi na mwanamichezo mwenye mwili wa chuma, alikuwa kwenye mbio za Marathon des Sables kule Moroko, dhoruba ya mchanga ikaja, yeye akaendelea kukimbia ili asipoteze nafasi. Alikuja kuokolewa akiwa ameshavuka mpaka kuingia Algeria, baada ya siku kama tisa, amekonda kilo zaidi ya kumi, amekunywa mkojo wake na damu ya popo. Alikuwa na nguvu sana, na nguvu hizo ndo zilimpeleka mbali na watu waliokuwa wanamtafuta. Kwa hiyo ukigundua huoni mtu mbele wala nyuma, simama hapo hapo, tafuta kivuli cha jiwe, weka kitu cha rangi juu, piga filimbi. Kwenye milima ya Ulaya ishara ni mipigo sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia. Sisi tutatumia hiyo. Filimbi ikae shingoni, sio ndani ya begi.

Na kambini abaki mtu, au mahali fulani awepo mtu ambaye ana karatasi yenye njia yetu na saa ya mwisho ya kurudi. Aron Ralston, kule Utah, Marekani, Aprili 2003, alikuwa mzoefu wa milima kuliko sisi wote humu, aliingia korongo peke yake bila kumwambia mtu, jiwe likambana mkono, akakaa saa 127 mpaka akaukata mkono mwenyewe. Hakuna aliyejua pa kuanzia kumtafuta.

Kuhusu kambi yenyewe sitasema mengi, waandaaji wameshasema. Ila msinichagulie mkondo wa mto mkavu. Najua unavutia, mchanga laini, tambarare, kuta mbili zinakinga upepo, ni kitanda kabisa. Mvua inaweza kunyesha milimani kilomita nyingi huko ambako huoni hata wingu, ardhi ngumu hainyonyi, maji yote yanakimbilia kwenye huo mchanga wako laini usiku umelala. Maji yenye kasi ya kina cha sentimita 15 tu yanamwangusha mtu mzima, sentimita 60 yanabeba magari mengi. Pia msishuke chini kabisa bondeni, hewa ya baridi ni nzito inateremka na kutuama huko, ukipanda mita chache tu ubavuni unalala pazuri zaidi. Vigingi vya hema kwenye mchanga havishiki, jaza mfuko mchanga, ufunge kamba, uufukie.

Kuni tusiokote. Mti jangwani unachukua miaka na miaka kukua, na gogo kavu ni nyumba ya viumbe, tutapikia gesi. Kuna sehemu udongo una ganda jeusi jeusi lenye vinundu, lile liko hai, ni bakteria na kuvu na mwani wanaoshikilia udongo usipeperuke, ukilikanyaga linaweza kuchukua makumi ya miaka kurudi. Tembea juu ya mwamba au kwenye njia.

Nge na nyoka mnaogopa sana kuliko jua, nashangaa, jua ndo linaua zaidi. Kung'uta viatu asubuhi, usiingize mkono chini ya jiwe usiloliona nyuma yake, usitembee usiku bila tochi. Akiumwa mtu na nyoka hakuna kuchanja wala kunyonya wala kufunga kamba kwa nguvu, vua pete na saa, atulie, abebwe hospitali kwenye dawa.

Kuna mtu ameniandikia kikaratasi hapa, anauliza nguo nyeusi au nyeupe. Swali zuri. Mwaka 1980 watafiti walichapisha kwenye jarida la Nature vipimo vya joto kwa mtu aliyevaa kanzu nyeusi za Mabedui, wale Waarabu wafugaji wa jangwani, na aliyevaa nyeupe, wakakuta joto linalofika mwilini ni lile lile, kwa sababu nguo ni pana na hewa inapita ndani. Kwa hiyo usihangaike na rangi, hangaika na upana, mikono mirefu, shingo imefunikwa. Kaptura na singlendi mziache, ngozi iliyoungua jua inapoteza maji na usiku hulali.

Mwingine anauliza choo. Mita 60 kutoka kwenye maji, kambi na njia, shimo la sentimita 15 mpaka 20, na karatasi unarudi nayo kwenye mfuko, udongo mkavu hauiozeshi, mtaikuta mwakani.

Na huyu wa mwisho anauliza nani mwenye neno la mwisho kuhusu kurudi. Nilitaka mtu aulize hilo. Kusema twende mbele lazima wote tukubaliane, kusema turudi anatosha mtu mmoja, yeyote, hata mgeni wa leo, na haulizwi kwanini mpaka tufike kambini. Asiyekubaliana na hilo aseme sasa hivi, tupo chini, kuna kivuli, tubishane mpaka usiku.

Haya, mabegi yaje hapa mbele, mzani upo. Kila mtu atoe chupa zake azipange chini, asiyefikisha lita nne za mlimani hapandi.